Kruzi ya Shelisheli na mama: kwa nini nawaambia mchague meli ndogo, na kwa nini mpande hadi Mission

Watu wakisikia kruzi wanawaza ile ya Karibiani, meli kama Icon of the Seas iliyoanza kazi 2024, urefu wake mita 365, ikijaa inabeba abiria hadi 7,600, yani kata nzima inaelea na mabwawa yake ya kuogelea na slaidi za maji. Sina ugomvi na wanaoipenda. Ila kama wewe ni mtu wa pwani yetu hii, Tanga, Pemba, Lamu, Kilwa, popote pale, na umejiwekea hela ya safari moja ya maana ya baharini, mimi nakwambia nenda Shelisheli, na meli yenyewe iwe ndogo, ile ya abiria wasiofika mia. Nimeulizwa sana inbox tangu niposti picha kwaiyo naandika yote hapa, itakuwa ndefu, mnivumilie.

Mama alipostaafu ualimu ndugu tulikaa kikao tukasema safari hii hatumnunulii kabati wala friji, tunampeleka mahali. Tulichanga karibu miaka miwili, mimi ndo nikapewa kazi ya kumsindikiza. Mama ni wa Tanga, ndugu zake wengi wako Pemba, bahari anaijua toka utoto lakini ni bahari ya kuvuka na mizigo na watoto, kupanda chombo kwa ajili ya kustarehe tu hajawahi. Alipoambiwa cha kwanza aliuliza, "Mwezi gani?" Hakuuliza bei, hakuuliza chakula. Mwezi gani.

Na hilo ndo swali la kwanza kabisa la mtu anayetaka kwenda kule, kwa sababu Shelisheli wanaishi kwa pepo zilezile zetu. Kuanzia Mei hadi Septemba hivi kunapiga kusi, bahari inachafuka, boti za kushukia zinarukaruka. Kuanzia Desemba hadi Machi ni kaskazi, joto na mvua nyingi. Maleleji yale ya katikati, Aprili na Oktoba mpaka Novemba, upepo umelegea, maji yametulia na chini unaona mpaka mchanga. Tulichagua mwishoni mwa Oktoba. Ejenti alikuwa anatusukumia Julai kwa sababu kulikuwa na punguzo, mama akakataa katakata, akasema punguzo la kusi atalipa kwa tumbo. Kuhusu kimbunga msiogope sana, Mahé na visiwa vya karibu yake viko kaskazini, nje ya njia ya vimbunga vile vinavyoipiga Madagaska na Morisi.

Kufika ni rahisi kuliko watu wanavodhani. Nairobi mpaka Mahé ni masaa matatu hivi hewani, na Mtanzania au Mkenya haombi viza, unajaza kibali cha kusafiria mtandaoni kabla ya kupanda ndege, basi. Zamani haikuwa hivo. Uwanja wa ndege wa Mahé umefunguliwa 1971, kabla ya hapo mtu wa Shelisheli akitaka kutoka alisubiri meli, na wazee wa Mombasa wanazikumbuka Karanja na Kampala, meli za British India zilizokuwa zinakuja kutoka Bombay, zinapita Shelisheli, zinashuka mpaka kwetu. Kwaiyo njia ya bahari kati yetu na wale watu ni ya siku nyingi, sema tu sisi wa ndege tumeisahau.

Sasa meli. Siitaji jina maana sitaki ionekane natangaza biashara ya mtu. Ni meli ya kabini chache, ina chumba kimoja cha kulia, sehemu ya kukaa nyuma na boti mbili za mpira za kushukia ufukweni. Hakuna kasino, hakuna jukwaa la muziki wa kila usiku. Siku ya kwanza kabla hata ya kung'oa nanga tulifanya mazoezi ya dharura, kengele inapigwa, kila mtu na jaketi lake la kuokolea, mnakusanyika sehemu yenu, mnahesabiwa. Hii siku hizi ni lazima kila meli, na tangu Costa Concordia ilipolala ubavu kule Italia Januari 2012 wakafa watu 32 sheria ilikazwa, mazoezi yafanyike kabla ya kuondoka au mnapoondoka tu, sio kesho yake. Baadhi ya abiria walikuwa wanapiga stori na glasi mkononi. Mama alisimama mbele kabisa, akafunga mikanda, akafungua, akafunga tena, akamuuliza yule ofisa filimbi iko wapi na taa inawakaje, akataka aoneshwe na boti yenyewe inashushwaje. Sisi tuna ndugu walikuwa kwenye Spice Islander ile Septemba 2011, ilipozama usiku ikielekea Pemba, na hawakurudi. Kwaiyo mnaposoma kwenye mitandao kwamba hayo mazoezi yanaboa, tafadhali, simameni, sikilizeni, mjue jaketi lenu liko wapi. Baadae yule ofisa alimfuata mama akamshukuru kwa maswali yake, na akampeleka akaone boti za kuokolea kwa karibu.

Jambo lingine ambalo hamtalikuta kwenye brosha ni kibla. Kwetu Tanga unaelekea kaskazini tu hauna shida, kule Makka iko kaskazini magharibi, sawa, lakini meli ikiwa imetia nanga haitulii, inazunguka nanga yake kufuata mkondo na upepo, asubuhi omo, yani pua ya meli, inaelekea huku na jioni inaelekea kule, kwaiyo ukisema kibla ni upande wa dirisha, kufika laasiri dirisha limeshahama. Kwenye simu dira ilikuwa inayumba sababu ya chuma kila mahali. Mama akapata utaratibu wake, kabla ya kila sala anapiga mapokezi anauliza omo imeelekea wapi saa hizi, mapokezi wanapiga kule juu meli inakoongozwa, kwa nahodha, jibu linarudi. Siku ya pili tu hawakusubiri apige, wanapiga wenyewe. Hapo ndo nikaelewa meli ndogo ni nini. Kwenye meli ya watu elfu sita sijui nani angejua kwamba mama wa kabini ya mwisho anasali laasiri.

Na kulikuwa na kijana wa Kenya, mhudumu wa mezani, wa huko Kilifi, alivosikia tunaongea alisimama akasema "Shikamoo mama", mama akajibu marahaba mwanangu, basi ikawa imeisha, akapata mtoto. Yeye ndo aliyetuambia jikoni samaki gani kapikwa bila mvinyo, nyama gani tusiguse. Mkataba wake ni wa miezi kadhaa mfululizo, siku ya kulala mpaka saa nne hakuna, hela anapeleka nyumbani, anajenga. Wengi wa wafanyakazi walikuwa Wafilipino na Waindonesia na hali zao ni hizohizo. Nataka mlijue hili mapema, kile kitanda mnachokikuta kimetandikwa kila mkirudi kuna mtu amekikimbilia wakati nyie mko majini.

Haya, anasa yenyewe iko wapi? Kwa maoni yangu iko kwenye masaa. Watalii wengi wanalala hotelini Praslin au Mahé, wanapanda boti ya asubuhi, wanafika kisiwani saa nne jua limeshakuwa kali na wenzao mia wapo. Wewe umelala palepale mbele ya kisiwa, saa kumi na mbili na nusu uko ufukweni na hamna nyayo ya mtu. Tulikaa hivo Curieuse, kisiwa kilichokuwa cha wagonjwa wa ukoma toka 1833 mpaka miaka ya 1960, nyumba ya daktari bado imesimama na ubaraza wake wa mbao, na makobe wakubwa wale wanatembea kwenye majani mbele yake. Kobe mmoja alinyoosha shingo mama akamkuna chini ya kidevu kama alivoelekezwa, likafumba macho, mama nae hakutaka kuondoka.

Cousin ndo kisiwa ninachokifikiria mpaka leo. Mwaka 1968 kilinunuliwa na shirika la kimataifa la kuhifadhi ndege, wakati huo lilikuwa shamba la minazi, na kuna kindege kidogo cha rangi ya kahawia ambacho dunia nzima kilikuwa kimebaki kama thelathini tu, wote wako hapo. Wakang'oa minazi mingi wakaacha msitu wa asili urudi, na kindege kikarudi, sasa hivi wapo maelfu na wamesambazwa visiwa vingine. Ili panya asije akaingia, boti ya meli yenu hairuhusiwi kugusa mchanga wa Cousin. Mnasimama nje, walinzi wa kisiwa wanakuja na boti yao, mnahamia huko na kitu chako kidogo tu, halafu wanasubiri wimbi linalofaa, wanaachia mashine kwa nguvu zote na boti inapanda mchangani moja kwa moja. Mama alishika mkono wangu mpaka ukaisha damu, alivosimama mchangani akacheka kicheko ambacho sijakisikia miaka.

Ndani ya msitu ule ndege hawakimbii. Kuna wale weupe pee wa macho meusi, hawajengi kiota kabisa, wanataga yai moja juu ya tawi tupu, pale tawi lilipobonyea kidogo, na linakaa. Tulisimama mbele ya kinda limekaa kwenye tawi usawa wa kifua changu, manyoya ya kijivu, kucha zake zimelishika gome, upepo ukija linalala chini kidogo na kuinuka tena, na mlinzi akatuambia vikizaliwa tu hivyo vinajua kushika. Tulivorudi ufukweni tukakuta ng'amba anapanda kutaga. Mchana kweupe! Sehemu nyingi duniani ng'amba anataga usiku, Shelisheli wanataga mchana, na huo ndo mwezi wanaanza. Tukaambiwa tukae nyuma yake kimya, tukakaa, akachimba na yale makasia yake ya nyuma taratibu sana, anachota mchanga anautupa, anachota. Nimekulia pwani, magamba ya ng'amba nimeyaona kwenye vitana na vipini kwa bibi zetu, lakini ng'amba mzima anafanya kazi yake nilikuwa sijamuona.

Praslin mtapelekwa Vallée de Mai, bonde dogo tu la hekta kama 19 na ushee, liko kwenye orodha ya Urithi wa Dunia tangu 1983. Ndo nyumbani kwa ile minazi ya koko de mer inayoota yenyewe Praslin na Curieuse peke yake, mbegu yake ndo kubwa kuliko mbegu zote za mimea, moja inaweza kupita kilo ishirini. Jenerali Gordon wa Uingereza alipita hapo 1881 akasema hii ndo Bustani ya Edeni. Mama yeye aliangalia kitaalam, maana mnazi anaujua, akamuuliza muongozaji dafu lake linakomaa kwa muda gani. Akajibiwa miaka sita mpaka saba. Akauliza mti wenyewe unaanza kuzaa lini. Miaka ishirini na tano au zaidi, na kuna mti dume na mti jike. Mama akakaa kimya halafu akasema, "Aliyepanda huu hakupanda wake." Ukitaka kununua mbegu uhakikishe ina kibali cha serikali na namba, bila hivo uwanja wa ndege wanaichukua, na kiukweli iacheni tu ibaki kwao.

La Digue ni baiskeli na yale mawe makubwa ya matale ya Anse Source d'Argent mnayoyaona kwenye kalenda, mawe yana umri wa miaka milioni 750 hivi, ni pazuri kweli, ila saa tano kunajaa. Nendeni mapema. Njiani pale L'Union kuna tanuri la kukaushia mbata, harufu yake ilimsimamisha mama nusu saa, mana kabla ya utalii uchumi wa visiwa vile ulikuwa mbata na mdalasini na vanila, kazi zilezile alizozifanya babu yangu.

Kuhusu maharamia, najua mtauliza. Ilikuwa kweli. Aprili 2009 meli ya MSC Melody ilishambuliwa kaskazini mwa Shelisheli, abiria wakawarushia meza na viti, na kwa miaka kadhaa baada ya hapo meli za kitalii ziliikimbia pwani yetu yote, Mombasa na Zanzibar wakabaki wanahesabu bandari tupu. Ulinzi ulivoongezwa hali ilitulia sana. Visiwa vya ndani mnavozungushwa viko karibukaribu, mara nyingi kimoja unakiona ukiwa kwenye kingine.

Matumbawe nisiwadanganye. Ule mwaka 1998 maji yalipata joto kupita kiasi, zaidi ya asilimia 90 ya matumbawe hai ya visiwa vya ndani yakafa, yalivoanza kurudi 2016 yakapigwa tena. Samaki wapo wengi na rangi zote, ila chini kuna sehemu ni vifusi vya kijivu. Meli yetu ilifunga kamba kwenye maboya yaliyowekwa maalum badala ya kutupa nanga juu ya matumbawe, na hilo ni swali la kumuuliza ejenti kabla hujalipa, mnafunga boya au mnatupa nanga. Akishindwa kujibu, tafuta mwingine.

Sasa nifike nilipotaka kufika. Siku ya mwisho mnarudi Mahé, na ratiba ya meli ilisema ziara ya mji wa Victoria, ile saa ndogo ya mnara iliyowekwa 1903, soko, bustani ya miti. Mimi nilikuwa nimesoma kabla ya safari, nikamwambia mama tusiende na kundi, tukodi teksi tupande mlimani mpaka Mission, barabara ya Sans Souci. Hakuna aliyetutajia meli nzima. Hiyo ndo lawama yangu kubwa kwa kruzi hizi, kwamba wanakuonesha visiwa kama vile vimeoshwa jana vikaanikwa, wakati vina watu, na watu wale wengi wao walitoka kwetu.

Kuanzia 1861 manowari za Kiingereza zilizokuwa zinakamata majahazi ya watumwa kwenye pwani yetu zilianza kuwashusha waliookolewa kule Shelisheli. Zaidi ya watu elfu mbili walishushwa, wengi watoto, Wamakua, Wayao, Wanyasa, watu waliotembezwa kwa miguu kutoka bara na kupakiwa majahazini. Kuokolewa kwenyewe kukawa wanapewa wenye mashamba kwa mikataba, wakalime minazi ileile. Mwaka 1876 wamisionari wa Kianglikana wa CMS walifungua shule juu ya huo mlima kwa ajili ya watoto wale, wakaiita Venn's Town, ndo hiyo Mission, ikafungwa 1889. Kilichobaki ni kuta za mawe zilizoliwa na msitu, njia yenye miti mikubwa pande mbili, na baraza la kutazamia ambapo Malkia Elizabeth alikunywa chai 1972. Chini unaona msitu unashuka mpaka baharini, upande wa magharibi, upande wa kwetu.

Dereva wetu, mzee wa makamo, alizima gari akaja nae. Akatuambia upande wa bibi yake walitoka Afrika, mpaka hapo, jina la kijiji hawana, jina la kabila hawana. Mama akamuuliza kwa kiingereza chake cha ualimu kama wana majina yoyote ya zamani kwenye ukoo, akafikiria sana, akatikisa kichwa. Mama akainua mikono akaomba dua, watoto wale walikuwa wamefundishwa Ukristo lakini yeye hakujali, akawaombea kwa jina la watoto wote waliopita Bagamoyo na Kilwa na Pangani. Dereva alivua kofia. Mimi nililia na sioni aibu kusema.

Na sio watumwa tu. Shelisheli ndo ilikuwa jela ya wafalme wa Afrika. Mwanga wa Buganda na Kabalega wa Bunyoro walikamatwa 1899 wakapelekwa huko, Mwanga akafia hukohuko 1903, Kabalega aliachiwa 1923 akafia Jinja kabla hajafika kwao. Prempeh wa Ashanti, Ghana ya leo, alikaa toka 1900 mpaka 1924, na Yaa Asantewaa, malkia mama wa hukohuko Ashanti, alifariki Shelisheli 1921. Hata Khalid bin Barghash wetu wa Zanzibar, yule wa vita ya chini ya saa moja ya Agosti 1896, Waingereza walipomkamata kwenye vita vya kwanza vya dunia walimpeleka St Helena na kisha Shelisheli, kabla ya kumruhusu kuishi Mombasa alikofariki 1927. Unakaa kwenye sitaha na juisi yako, bahari ya buluu, na bahari hiyohiyo mtu alikuwa anaikodolea macho anahesabu miaka.

Jioni ile dereva akatupeleka Beau Vallon kwenye moutya, ngoma yao iliyoingizwa kwenye orodha ya UNESCO 2021. Wanawasha moto, wanapasha zile ngoma pana za ngozi ya mbuzi mpaka ngozi ikaze, mwanaume anaita maneno, wanawake wanaitikia, mnakaribiana bila kugusana. Mama alivoona ngoma inapashwa moto alisimama, akavua viatu, akaingia. Hakuna aliyemuuliza katoka wapi. Tulikula pweza wa nazi na tunda la shelisheli la kuchoma, tukachelewa boti ya meli tukaletewa nyingine.

Kwa wanaotaka kwenda: lipieni mapema kabini ya chini ya katikati, haiyumbi sana na bei yake ni rahisi kuliko za juu. Ukiwa peke yako uliza nyongeza ya mtu mmoja maana inaweza kukaribia bei ya mtu wa pili. Bebeni viatu vya kuingia navyo majini, sehemu nyingi mnashukia kwenye maji ya magoti, na dawa ya kichefuchefu imezwe kabla hamjaondoka. Mission itakeni kwa maandishi, muombe meli iiweke kwenye ratiba, wengi tukiomba wataiweka. Na bahasha ya bakshishi ya wafanyakazi mpelekeni kabla ya chakula cha usiku wa mwisho, maana baada ya hapo mabegi yanatakiwa nje ya mlango na kila mtu anakuwa mbiombio.